Kwihara kwa siku moja: mwongozo kamili wa kulitembelea Tembe la Livingstone, Tabora

Wasafiri wengi wanaopita Tabora hulala usiku mmoja, wakanunua asali, kesho yake wakapanda gari la Kigoma au Mwanza. Kumbe nje kidogo ya mji, kilomita kati ya sita na nane upande wa kusini-magharibi, ipo nyumba ambayo habari zake zilisomwa dunia nzima miaka 150 iliyopita. Wenyeji tunaiita Tembe la Livingstone. Mimi ni mwalimu na mkazi wa hapa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka Kwihara ndugu wanaokuja kututembelea, na mara nyingine watoto wa shule ya jirani. Mwongozo huu nimeuandika kutokana na safari hizo, pamoja na makosa niliyoyafanya katika safari za mwanzo.

Niseme mapema ninavyoiona nyumba hii. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, aliishi pale kwa miezi sita tu. Waliojenga, waliopika, waliobeba, waliolinda na walioitwa mali ya mtu walikuwa Waafrika na watu wa pwani ambao majina yao mengi hayamo kwenye kibao cha mlangoni. Ukienda kumtazama Mzungu peke yake, utamaliza kwa dakika 20. Ukienda kuwatafuta wapagazi, siku nzima haitakutosha.

Siku ya kwenda

Chagua kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Mvua za Tabora huanza mwezi wa 11 na kuendelea hadi wa nne, na njia ya Kwihara ni ya udongo. Bodaboda hupita hata kwenye tope, lakini utafika ukiwa umechafuka hadi magotini. Oktoba ni joto kali. Ukienda mwezi huo, uwe umeshaondoka kule kabla ya saa sita. Wanaopenda maembe wanaweza kuvumilia mvua, kwa sababu msimu wa mvua ndio msimu wenyewe, na miembe ya Tabora ni sehemu ya historia hii. Misafara ya pwani ndiyo iliyoieneza katika njia yote ya kwenda Ujiji.

Siku nzuri ni ya kazi, asubuhi. Usiende bila kutoa taarifa. Mara ya kwanza nilienda Jumapili mchana na wageni wanne kutoka Dar es Salaam, tukakuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo yupo msibani. Hakuwa na kosa; msiba ni msiba. Kosa lilikuwa langu kutomuuliza mtu. Tangu siku hiyo, siku moja kabla, hupita ofisi ya utamaduni ya manispaa au humuuliza mwenye nyumba ya wageni anipatie namba ya mhudumu wa makumbusho, kisha nampigia na kumwambia idadi yetu na saa tutakayofika. Mkiwa wanafunzi wengi, andikeni barua ya shule mapema.

Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Beba na fedha taslimu za noti ndogo, na uwe na salio kwenye simu pia, maana malipo ya serikali siku hizi mara nyingi hupitia namba ya malipo. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Kofia. Viatu vya kufunika vidole. Tochi ndogo, kwa sababu vyumba vya tembe vina giza na taa ya simu humaliza chaji upesi. Daftari na kalamu.

Kitu kimoja zaidi, nitakieleza mbele: gunia tupu na kamba.

Yajue haya kabla hujafika

Sipendi kumpeleka mtu akiwa hajui lolote, kwa sababu nyumba yenyewe haisemi sana. Kaa na wenzako jioni moja, mpitie mambo haya.

Katikati ya karne ya 19, Unyanyembe, nchi ya kitemi ambamo Tabora na Kwihara zimo, ilikuwa njia panda ya bara. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Mpwapwa, ukafika hapa, na hapa njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga makazi Tabora, ambayo wageni wa wakati huo waliiita Kazeh, na pia Kwihara. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Novemba 1857. Kilichopita hapa kwa wingi ni pembe za ndovu kwenda pwani, na nguo, shanga, masango (nyaya nene za shaba) na bunduki kuja bara. Na watu. Watumwa walipita hapa kwa miguu, wengine wakabaki wakilima mashamba ya mabwana zao Tabora. Usiliruke jambo hili ukiwa na watoto.

Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifika Juni 1871 akimtafuta Livingstone, akapewa tembe Kwihara aweke mali zake. Akakuta vita. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji, akidai haki zake kwa Waarabu. Stanley akajiunga na jeshi la Waarabu, wakaenda kumpiga, wakapigwa wao. Agosti 22 watu wa Mirambo waliingia Tabora na kuchoma nyumba nyingi. Huku Kwihara Stanley alitoboa matundu ya bunduki ukutani, akasubiri. Mirambo hakufika hapa. Septemba 20 Stanley aliondoka kwa njia ya kusini ili amkwepe, na miezi miwili baadaye akamkuta Livingstone Ujiji.

Wote wawili walirudi Kwihara Februari 18, 1872. Machi 14 Stanley akaenda pwani, na Livingstone akabaki akisubiri watu wa kumsindikiza. Walifika Agosti, watu 57 kutoka Unguja, na Agosti 25 akaondoka nao. Mei 1873 akafia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Hayo ni ya mgeni. Sasa andika majina haya daftarini: Chuma, Susi, Jacob Wainwright na Halima, waliokuwa watu wa Livingstone; Kalulu, mtoto aliyechukuliwa na Stanley; na Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa viongozi wa msafara wa Stanley. Utayahitaji ndani.

Njia

Kutoka katikati ya mji chukua bajaji kama mko watatu, au bodaboda kama uko peke yako. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Huko Kwihara hakuna kituo, na dereva akishaondoka unaweza kutembea sana kabla ya kupata mwingine. Mimi humwambia dereva, "Utatusubiri kwa muda wa saa tatu, tutakununulia chai," na huwa anakubali. Mwambie unakwenda "kwa Livingstone, Kwihara"; wengi wanapafahamu. Baiskeli ni nzuri zaidi kwa wenye miguu ya kazi, maana nchi ni tambarare na utaona mashamba ya karanga, mihogo na viazi kwa utulivu.

Ondoka saa mbili asubuhi. Kwa bajaji ni chini ya nusu saa.

Ukifika

Usikimbilie mlango. Kwanza salamu. Ukimkuta mtu mzima, shikamoo, kisha ukijua "mwangaluka" ya Kinyamwezi ya asubuhi, itoe. Wazee hufurahi sana, na "wabeja" ya kushukuru wakati wa kuondoka. Salamu hizo mbili zimenifungulia hadithi ambazo hazimo kwenye maelezo ya ukutani. Lipa kiingilio, pokea stakabadhi, na umwombe mhudumu akuongoze. Mpe nafasi amalize maelezo yake kabla ya maswali yako.

Halafu omba dakika kumi za kuizunguka nyumba kwa nje.

Tazama paa. Vijana wa siku hizi wanapoambiwa nyumba ya tajiri hutafuta ghorofa na vigae. Tembe ni nyumba ya paa bapa: magogo yamelazwa juu ya kuta, juu yake fito, na juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Ni ujenzi wa bara, Wagogo na wenzao wanaujua, ambao wafanyabiashara wa pwani waliuchukua na kuutia milango yao ya kuchongwa na baraza la kupokelea wageni. Simama pembeni uangalie jinsi maji ya mvua yanavyoondolewa juu, maana adui wa tembe ni maji. Udongo ukishaloa, gogo huoza, na paa lote hushuka. Ndiyo maana tembe lisilokaliwa halimalizi vizazi viwili, na ndiyo maana hili unaloliona limejengwa upya na kukarabatiwa. Mweleze mwenzako hivyo, asidhani kila tofali liliguswa na Livingstone.

Sasa weka kiganja ukutani upande wa jua, kisha ingia ndani uweke kiganja hicho hicho ukutani. Hakuna maelezo ya ukuta mnene yanayozidi hayo. Siku moja nilimpeleka mama yangu mkubwa, ambaye alikulia kwenye nyumba ya udongo huko Sikonge. Aliupapasa ukuta wa ndani kwa muda mrefu, akausogelea kama anaunusa, akasema, "Huu udongo wameukanda vizuri, haujapasuka." Yeye alikuwa anaangalia kazi ya fundi. Nimejifunza kuangalia hivyo.

Chumba kwa chumba

Mlangoni, simama utazame nakshi. Huu ndio mkono wa pwani. Ukishaingia, utaona vyumba vimepangwa kuuzunguka ua. Ua huo ndio moyo wa nyumba: hapo ndipo mizigo ilipofunguliwa, kuhesabiwa na kufungwa tena, hapo ndipo palipopikwa, hapo ndipo watu walipogombana kuhusu posho. Kaa uani kwanza, vyumba baadaye.

Neno posho lenyewe ni zawadi ya njia hii. Wakati ule lilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au kipande cha nguo cha kukinunulia. Hongo lilikuwa ushuru aliolipwa mtemi ili msafara upite nchi yake, jambo la halali kabisa. Leo likitajwa watu hugeuza shingo. Kirangozi alikuwa mtu wa mbele, anayeijua njia. Waulize watoto uani ni maneno gani mengine ya safari tunayatumia bila kujua yalikotoka.

Vyumbani utakuta picha, ramani na nakala za barua na maandishi ya Livingstone. Soma, lakini usikae mbele ya maonyesho hayo saa nzima. Ninachopenda kuwasimulia watu ndani ya vyumba hivi ni mambo ya siku za kawaida. Katika miezi ile ya kusubiri, Livingstone aliandika katika shajara yake jinsi alivyokuwa akitengeneza jibini la safari: hakutumia dawa ya kugandishia, aliyaacha maziwa yagande yenyewe, na jibini likawa na uchachu kidogo. Mnyamwezi yeyote anayekunywa mgando anaelewa hali hiyo. Mzee yule, mgonjwa, akiwa anaangalia chungu cha maziwa na barabara ya pwani kwa zamu.

Kisha mtaje Kalulu. Stanley alipokuwa hapa mwaka 1871, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto wa kiume kama zawadi. Stanley anaandika kwamba jina lake lilikuwa Ndugu M'hali, na kwamba maana yake ni mali ya ndugu. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa. Akampa jina jipya, Kalulu, akamchukua hadi Uingereza na Marekani, watu wakamtazama, sanamu yake ya nta ikawekwa Madame Tussauds London. Mwaka 1877 alizama mtoni Kongo katika msafara mwingine wa Stanley, akiwa bado kijana mdogo. Ninapofika hapa huwa nanyamaza kidogo, na nakushauri ufanye hivyo. Nyumba hii ilikuwa ya ukarimu kwa wageni, na mtoto alitolewa ndani ya ukarimu huo.

Mwisho, mrudishe kila mtu uani kwa habari ya Oktoba 1873. Livingstone alipofariki, watu wake wangeweza kumzika na kutawanyika. Waliuzika moyo wake chini ya mti kwa Chitambo, Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye mti huo. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa gome la mti na nguo, wakaubeba. Chuma alitangulia Unyanyembe na barua. Alimkuta hapa Cameron, ofisa Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akashauri wauzike mwili huku huku, njia ya mbele ni ya hatari. Wakakataa.

Walipofika Kasekera, mbele kidogo, waliona watu wa njiani hawataki maiti ipite. Basi wakakata mabua ya mtama kwa urefu wa mtu, wakayafunga nguo kama sanda, wakawapa watu sita wayarudishe Unyanyembe kama wanakwenda kuzika. Usiku ule sita walitupa mabua moja moja porini, wakawafuata wenzao. Mwili wa kweli ukafungwa upya kama robota la nguo za biashara, ukapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,600. Aprili 18 Livingstone akazikwa Westminster Abbey.

Gunia

Sasa lile gunia. Mpagazi wa njia hii alibeba frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na kijungu chake, mkeka na silaha. Ni chini kidogo ya madebe mawili ya mahindi. Mimi hununua mahindi njiani, au huomba mchanga pale pale kwa ruhusa ya mhudumu, nikalijaza gunia hadi uzito huo na kulifunga kamba. Kila mtu mwenye mgongo mzima analibeba begani kutoka chini ya mti hadi barabarani na kurudi. Watoto wadogo wasibebe. Wao wahesabu hatua. Wenye umri mkubwa na wagonjwa wa kiuno watazame tu.

Nimewaona vijana wa kidato cha tatu wakicheka hatua 30 za mwanzo. Baada ya 100 kicheko kinaisha. Hapo ndipo unawaambia kwamba Bagamoyo iko mbali kwa miezi mitatu hivi ya kutembea na mzigo huo, na kwamba kwa Wanyamwezi wa wakati ule kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Wengi wao waliifanya kazi hii kwa ujira na kwa sifa, wakajulikana kuwa wapagazi bora wa Afrika Mashariki yote. Kumbuka kuwatenganisha na waliobeba kwa kulazimishwa. Mmoja wa vijana hao alinijia baadaye akauliza, "Mwalimu, sasa wao walikuwa wanalipwa ngapi?" Hilo ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa Kwihara, na lilituchukua wiki mbili darasani.

Picha piga baada ya kuomba. Usipige watu wa kijiji bila ridhaa yao, na usiegemee wala kuchora ukuta. Ukuta wa udongo haurudi ukishachubuka.

Mchana na kurudi mjini

Kwihara usitegemee hoteli. Beba chakula, au mwombe mhudumu siku unapompigia akutafutie mama wa jirani wa kuwapikia, lipeni vizuri. Matobolwa na karanga zinatosha kwa kijana. Asiyejua: viazi vitamu vikichemshwa, vikakatwa na kuanikwa ndiyo matobolwa; vikianikwa vibichi ndiyo michembe. Ni chakula cha safari ndefu, kigumu kuharibika.

Ukirudi mjini saa saba hivi, una nusu siku. Stesheni ya reli ipitie: reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na kwa hiyo kazi ya mpagazi katika njia hii ikaisha. Kuiona stesheni siku ile ile uliyobeba gunia kuna maana kubwa. Boma la Mjerumani lipo pia, lakini ni eneo la ulinzi. Litazame kwa mbali ukipita, simu ikiwa mfukoni. Ukiwa na mwenyeji wa kukupeleka, Itetemia ni kwa watemi wa Unyanyembe. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani, na Januari 1893 walipoivunja ngome yake alilipua baruti yake asichukuliwe mzima. Pale huendi kienyeji. Unatafuta mzee wa ukoo, unajieleza, unakaribishwa. Kama huna mwenyeji, acha kwa safari nyingine.

Anayependa siasa za uhuru ajue kwamba Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake Tabora na kufikia ule Uamuzi wa Busara wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na Nyerere alisoma shule ya serikali hapa kuanzia 1937. Hayo ni safari nyingine kabisa. Usiyachanganye yote na Kwihara, utachoka na usikumbuke hata moja.

Jioni nenda sokoni ununue asali. Onja kabla ya kulipa, iliyo nzito na nyeusi kidogo ndiyo ya miombo ninayoipenda mimi. Funga chupa vizuri kwa nailoni mbili, maana kwenye basi la usiku kifuniko hulegea na nguo zote zitanata. Yale mahindi ya kwenye gunia mpe mhudumu wa tembe kabla hujapanda bajaji. Kwao yana kazi kuliko kwako.